Kilomita Thelathini na Nane za Alhamisi

Viwanja Sitini, Ifakara
4 Machi 2025

Shangazi Odilia,

Shikamoo. Nakuamkia kwa karatasi kama ulivyotaka, maana nasikia huo mlima wenu wa kutafutia mtandao magoti yako yameukataa. Mama anakusalimu. Mguu wake umepona, sasa anagombana na majirani akiwa amesimama. Mpunga wetu wa Lumemo umelala kwenye maji ila haujafa. Mimi ni mzima, tena nimezidi uzima.

Shangazi, gari limefika! Fuso, kichwa cheupe, bodi jipya la mbao, tairi sita. Miaka tisa nimeendesha malori ya miwa ya watu, leo nimeshika usukani ambao nikiupiga honi hakuna wa kuniuliza. Jana nililipitisha mtaani gia ya kwanza, polepole, mpaka kuku wakanipita. Mbele nimeandikisha LANGU MWENYEWE.

Sasa sikia habari yenyewe. Bwana Sylvester, yule mwenye mashine ya kukoboa mpunga pale Lumemo, anatafuta mtu mmoja wa kumbebea mpunga kutoka Mlimba mwaka mzima kuanzia Julai. Safari themanini, gunia mia kila safari. Kila anayetaka anaandika bei yake na kuipeleka, mwisho tarehe 14 Juni. Ukishasaini, bei haibadiliki mwaka mzima hata dizeli ipande juu ya mti.

Nimeshapiga hesabu. Kutoka Mlimba mpaka Ifakara na mzigo, gari linakunywa lita arobaini. Kwa elfu tatu kila lita, ni laki moja na ishirini. Utingo wangu Lukelo, ambaye ana wajukuu na ananiita bosi huku akinituma maji, elfu ishirini. Chai elfu tano. Jumla 145,000. Mimi nitatoza 2,800 kwa gunia, yaani 280,000 kwa safari. Faida 135,000! Zidisha mara themanini: milioni kumi na laki nane! Mwakani nanunua la pili.

Wewe uliyekaa stoo ya karakana huko kwenye mashamba ya miti miaka ishirini na mbili ukiandika mafuta na springi za watu, naomba neno moja tu: hongera.

Mwanao,
Fridolin


Uchindile
19 Machi 2025

Mwanangu Fridolin,

Marahaba. Barua yako imefika ikiwa na alama ya mafuta pembeni. Brigitha anayeuza maandazi kwenye treni ni mwaminifu, ila kapu lake halina mpangilio. Huku baridi imeanza mapema. Jogoo wangu amefariki kwa uzee, nimemla kwa heshima. Magoti ni yale yale. Mwambie mama yako apunguze majirani, watamwishia.

Hongera ya gari. Ya hesabu bado.

Nimesoma hesabu yako mara tatu, ya tatu kwa miwani. Kwa jinsi ulivyoandika, gari lako linazaliwa Mlimba. Linapakiwa, linakuja Ifakara, linatoweka. Safari ya pili linazaliwa tena Mlimba. Mwanangu, Mlimba unafikaje? Umebebwa na malaika? Au kwenda tupu gari halinywi kwa sababu linaona haya?

La pili: nimemwona Lukelo, nimeiona chai, dereva simwoni. Nani anaendesha? Miaka tisa hao wenye miwa walikulipa. Sasa umekuwa bosi, na mfanyakazi wa kwanza uliyemdhulumu ni wewe.

La tatu: hizo tairi sita zinaliwa na nani? Kwenye hesabu yako zitakuwa mpya mpaka siku ya kiyama.

Nunua daftari. Jaza tangi mpaka mdomoni, andika kilomita zinazosoma kwenye dashibodi. Nenda, rudi, jaza tena kwenye pampu ile ile. Kila safari andika tarehe, kilomita, lita, kilichovunjika. Uninakilie, unitumie. Usiniandikie unachokumbuka, niandikie unachosoma. Ukumbuke bei utakayoandika itakufunga mwaka mzima. Ukikosea kwa upande wa chini, mwakani hutanunua la pili. Utauza la kwanza.

Shangazi yako,
Odilia


Viwanja Sitini
20 Aprili 2025

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, na heri ya Pasaka. Hapa tumekula pilau, mama amewaalika hata wale majirani, amani itadumu mpaka Jumatano. Barua yako ilichelewa kwa sababu treni ilichelewa, na mimi nimechelewa kwa sababu barabara ya Mlimba ilikataa watu wiki mbili kwa mvua. Nilikwama kijiji cha Mbingu siku moja na nusu. Lukelo alishuka, akalitazama tope, akasema, "Bosi, hapa tuzaliwe upya." Nilimsomea barua yako, nakoma.

Nilinuna siku mbili. Siku ya tatu nikanunua daftari. Shangazi, usicheke, sasa siwezi kuliacha! Nalala nalo kwenye mto kama Biblia. Kwenda tupu ni lita ishirini na sita, kurudi na mzigo ni arobaini, umesema kweli. Springi moja ya nyuma imekatika pale Chita. Kumbe kila kitu kinaandikika! Nimegundua kwamba mimi peke yangu nakunywa soda nne kwa safari.

Nimekunakilia safari zote tano neno kwa neno. Wenye magari wengine kijiweni wananicheka, wananiita Mwalimu. Waache. Tarehe inakaribia, nipe bei.

Jambo jingine dogo. Pale Mlimba karibu na stesheni kuna bodi la lori lililogeuzwa banda la kuku. La zamani, rangi ya bluu. Nilimuuliza mwenye kuku lilikuwa gari la nani. Akaniuliza mimi mwana wa nani. Nilipomtajia, akasema, "Kamuulize shangazi yako." Lilikuwa la nani?

Mwanao,
Fridolin


Uchindile
9 Mei 2025

Mwanangu Fridolin,

Marahaba. Pilau nimeisikia harufu mpaka huku. Nimenunua jogoo mwingine. Huyu anawika saa nane mchana, nadhani alisoma shule ya jioni. Kuhusu lile banda la Mlimba, kuku wanahitaji pa kulala.

Sasa tukae chini. Chukua kalamu na usiruke mstari.

Safari nzima, kwenda na kurudi, ni kilomita 260. Dizeli lita sitini na sita, 198,000. Tairi sita za laki sita na nusu kila moja ni 3,900,000, na kwenye barabara ile haziendi zaidi ya kilomita elfu thelathini. Kwa hiyo kila kilomita unayokwenda unaacha barabarani raba ya shilingi 130, kama mtu anayemwaga unga kwenye gunia lililotoboka. Kwa safari, 33,800. Oili na filta, shilingi 80 kwa kilomita, ni 20,800. Springi, pedi za breki, bushi na hayo mengine yanayolia chini kwa chini, weka 150 kwa kilomita, usinibishie, nimeandika vilio hivyo miaka ishirini na mbili. Hiyo ni 39,000.

Bima, leseni na stika zote ulizonitajia kwenye nakala ya daftari ni 2,600,000 kwa mwaka. Gawa kwa safari themanini: 32,500. Lukelo 20,000. Dereva, mtu mmoja anaitwa Fridolin, 40,000, na soda zake anunue mwenyewe. Halafu gari linazeeka hata likilala. Ulinunua milioni arobaini na nane. Baada ya miaka minane litakuwa la milioni kumi na sita ukibahatika. Milioni nne kila mwaka zinayeyuka bila kelele, 50,000 kwa safari.

Jumlisha. Mimi nimepata 434,100. Kwa gunia mia, ni shilingi 4,341 kila gunia, na hapo hujapata faida ya senti moja, umesimama tu mahali pako. Ungeandika ile 2,800 yako, kila safari ungemlipa Bwana Sylvester zaidi ya laki moja na nusu ili akuruhusu kubeba mpunga wake. Ni mtu mwema, angekubali.

Usikate tamaa. Ni afadhali kuyasoma haya kwenye karatasi kuliko kuyasikia gereji.

Limebaki moja. Safari zako tano, tatu zina kilomita 260. Mbili, ile ya tarehe 27 Machi na ya tarehe 3 Aprili, zina 298. Nimetazama kalenda ya parokia: zote mbili ni Alhamisi. Kilomita thelathini na nane za Alhamisi zinakwenda wapi? Nimezipigia hesabu zenyewe: dizeli lita kumi, raba, oili, vilio. Ni 43,680 kila zinapotokea.

Shangazi yako,
Odilia


Viwanja Sitini
16 Mei 2025

Shangazi,

Shikamoo. Wote wazima. Nimekaa kitandani nusu saa baada ya kusoma barua yako, kisha nikatoka nikalizunguka gari, nikalipapasa tairi moja moja kama mtu anayeomba radhi. 434,100! Mwenzangu mmoja kijiweni, anayebeba kwa elfu tatu, nilimwonyesha. Alisoma yote, akasema, "Karatasi hii ina roho mbaya." Kesho yake alirudi kuomba nakala. Sasa hawaniiti Mwalimu kwa dhihaka.

Kuhusu zile kilomita, ni barabara. Mahali pengine ni pabovu, inabidi kuzunguka.

Mwanao,
Fridolin


Uchindile
25 Mei 2025

Fridolin,

Marahaba. Jogoo hajambo.

Barabara mbovu Alhamisi tu? Jumatatu na Jumamosi inapona?

Nimeandika kilomita za madereva arobaini na tatu. Kulikuwa na mmoja mita yake ilizidi kila mwisho wa mwezi, akasema ni upepo. Upepo huo baadaye ulimzalia mapacha.

Anaitwa nani?

Odilia


Viwanja Sitini
1 Juni 2025

Shangazi,

Shikamoo. Anaitwa Mbuke.

Basi, nimesema. Umeniona? Nimeshaandika jina, kalamu haikupasuka! Mama bado hajui, kwa hiyo barua hii Brigitha nimemwapisha.

Ukipita Mngeta kuna njia inashuka bondeni, kilomita kumi na tisa mpaka kwa mzee mmoja Msukuma anaitwa Masanja. Ana ng'ombe wengi na mashamba ya mpunga. Safari yangu ile ya tarehe 27 Machi nilimkuta binti yake kando ya barabara akitafutia gari gunia nne zilizoko kwao bondeni. Malori yote yalikuwa yanampita kwa sababu mzigo mdogo hauna maana kwao. Nikasimama. Akauliza, "Shilingi ngapi?" Shangazi, sijui nini kilinipata, nikamwambia, "Bure." Akanitazama kama mtu aliyepewa noti asiyoijua, anaigeuza huku na huku. Kisha akapanda mbele, na mpaka Ifakara alinieleza makosa matatu niliyofanya kwenye kona. Yote matatu ni kweli.

Tangu hapo kila Alhamisi barabara ikipitika naingia kwao. Mara gunia nne, mara sita, mara moja ndama wawili wa kupelekwa mnadani. Natoza sifuri. Si ndivyo ilivyo kwetu, mzigo wa ndugu haulipiwi? Nami nataka kuwa ndugu. Mzee Masanja ananipa maziwa, ananisalimu, ananitazama, hasemi neno. Wiki kumi! Mbuke naye amekuwa mkali. Alhamisi iliyopita aliniambia, "Wewe endelea tu na bure yako," akaingia ndani.

Na hapa mambo yamebana pande zote. Nimesikia kuna mwenye lori anapeleka kwa Bwana Sylvester bei ya 4,200. Mimi nikiandika 4,341 sina faida, tena nimeshindwa. Nikiandika chini ya hapo, ndiyo ule uchawi wa kumlipa nimbebee. Zimebaki wiki mbili. Nishushe? Niache? Niambie haraka. Kumwacha Mbuke siwezi, hata usinipigie hesabu yake.

Mwanao,
Fridolin


Uchindile
6 Juni 2025

Mwanangu,

Marahaba. Salamu zingine zitafuata, treni ya leo sitaki initoke. Brigitha nimemlipia maandazi yote ya kapu ili barua ikae juu.

Usishushe bei. Ukishusha unajiibia. Lakini tazama tena hesabu niliyokuandikia, maana hata mimi nilikuwa nimeitazama nusu. Kilomita 130 unakwenda tupu. Nusu nzima ya safari gari linakula na halizalishi. Hapo ndipo pa kuchimba.

Sasa niambie. Masanja ana ng'ombe wengi. Kiangazi kinaanza, majani bondeni yatakauka. Ng'ombe wa kiangazi wanakula nini? Pumba za mpunga. Pumba ziko wapi? Nyuma ya mashine ya Bwana Sylvester, kichuguu kirefu kuliko kanisa. Nani anakwenda huko kila Alhamisi na bodi tupu, bila aibu? Piga hesabu.

Utaniambia: kumtoza baba wa mchumba nauli ni utovu wa adabu. Sikiliza kitu ambacho sijamwandikia mtu.

Lile bodi la bluu la Mlimba ni la gari la marehemu Yoramu, mume wangu. Alikuwa dereva mzuri kuliko wewe, usikasirike. Alikuwa na mkataba wa kubeba mbao kwa bei aliyoisikia kijiweni. Kila jioni alikuwa na hela mfukoni, kila mwaka hakuwa na tairi. Ndugu zake wote walipanda bure, ndugu zangu wote walipanda bure, na wa kwanza kupanda bure alikuwa mimi. Mwaka wa nne gari lilisimama Mlimba, halikuondoka tena. Injini ikauzwa, kichwa kikauzwa, bodi wakapata kuku. Yeye alianza kuajiriwa, akaanza kuumwa, yaliyofuata unayajua mwenyewe.

Na mimi, Fridolin, nilikuwa stoo. Nilijua bei ya kila bushi. Nimeandika mpaka tone la mafuta ya wazungu na ya wahindi na ya serikali, gari la nyumbani kwangu sikuliandikia hata mstari mmoja. Niliona haya kumhesabia mume wangu. Nilidhani ni heshima.

Nenda kwa Masanja na karatasi.

Odilia


Viwanja Sitini
29 Juni 2025

Shangazi, Shangazi, Shangazi!

Shikamoo mara tatu! Mama hajambo, mpunga umevunwa, majirani wamesamehewa wote, mimi nakuandikia nimesimama kwa sababu nikikaa nainuka.

Barua yako ilifika Jumatano ikiwa juu ya kapu, kavu kabisa. Niliisoma chini ya gari. Kipande cha mjomba Yoramu nilikisoma mara mbili, na Lukelo aliponiuliza mbona sitoki nikamwambia oili imeniingia machoni.

Alhamisi tarehe 12 nikafika kwa Mzee Masanja. Alikuwa zizini.

"Mwangaluka, baba," nikamwamkia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka. Leo umekuja na karatasi."

"Nimekuja na bei."

Akaacha alichokuwa anafanya. "Bei ya nini?"

"Ya pumba. Kutoka Ifakara mpaka hapa mlangoni, gunia tisini kila Alhamisi, shilingi elfu mbili kwa gunia nauli. Na mpunga wako kuanzia leo utalipiwa, baba. Siwezi tena kuubeba bure."

Ng'ombe mmoja akakohoa. Nikajua nimefukuzwa. Halafu mzee akageukia nyumba, akaita kwa sauti ya kuita kijiji kizima, "Mama Mbuke! Leteni kiti! Amepona!"

Nikakalishwa. Mzee akakaa mbele yangu, anacheka mpaka anajifuta macho. "Wiki kumi na moja nakutazama," akasema. "Nikamwambia mke wangu, mtu anayechoma dizeli yake bure, ama gari ameiba, ama kichwa si kizima. Sasa binti yangu nimpe yupi, mwizi au mwendawazimu? Nikasema tungoje. Siku akitaja bei, tutamjua ni mtu."

"Nilikuuliza siku ya kwanza," Mbuke akasema toka mlangoni. "Shilingi ngapi? Swali jepesi tu. Umelijibu baada ya miezi mitatu."

"Ila elfu mbili ni wizi," mzee akasema. "Elfu moja."

Shangazi, alibishana nami saa nzima, kwa raha, kama mtu anayepakua chakula. Nikamwonyesha karatasi yako. Raba, oili, vilio. Mbuke akaichukua, akaisoma mstari kwa mstari, akasema, "Baba, ukihesabu na dizeli yote ya kuja, chini ya 1,620 anapata hasara, na mtu wa hasara mimi simtaki." Tukamaliza kwa 1,800. Wafugaji wengine watatu wa jirani nao wanataka, Alhamisi zangu zimejaa mpaka mvua zirudi. Nilipouliza kuhusu zile safari za bure za nyuma, mzee akasema, "Zile ulitoa mwenyewe. Mimi nilikupa maziwa."

Gunia tisini kwa 1,800 ni 162,000. Nikitoa 43,680 za kuingia kwake na kutoka, na lita nane zaidi kwa kwenda na mzigo, zinabaki 94,320 ambazo jana zilikuwa upepo mtupu! Jumatatu na Jumamosi nimepata wenye maduka wa Mlimba, saruji na chumvi. Haziwi nyingi hivyo, ila tupu siendi tena.

Kwa hiyo tarehe 14 niliandika 4,300. Bwana Sylvester akaniita. "Mwenzako ameandika 4,200, kwa nini nikupe wewe?" Nikamwekea karatasi mezani. Akaisoma yote. Akasema, "Mwaka jana nilimpa wa elfu tatu. Gari lake lililala Mbingu wiki tatu kwa kukosa tairi, mpunga wangu ukaota juu ya bodi. Huyu wa 4,200 nimemuuliza tairi zake zitadumu kilomita ngapi, akaniambia Mungu anajua. Wewe unajua." Tumesaini! Mwaka mzima! Na pumba ananiachia nizibebe, kichuguu kilikuwa kinamletea panya.

Mawili ya mwisho. Kwanza, katika hesabu yako yote iliyojaa macho, kuna mzigo mmoja hukuuona: gunia moja la mchele ninalokupelekea kila mwezi kutoka kwa mama mpaka stesheni ya Mlimba. Nimekuwekea humu ndani stakabadhi namba moja ya biashara yangu. Odilia, gunia moja, Ifakara–Mlimba, 4,300. Ni wewe uliyenifundisha.

Pia nilimwendea yule mwenye kuku. Nimenunua kwake ubao mmoja wa bluu. Nimeufunga kwenye mlango wa nyuma wa gari. Uzito kilo nne, nauli haulipi.

Pili, kubwa. Mzee Masanja amesema mambo ya binti hayazungumzwi na mtu mwenye funguo za gari mkononi. Anataka mtu mzima wa upande wetu. Baba hayupo, na wajomba unawajua, watasema lolote mradi wapewe chai. Mzee ameomba aje "yule mama wa karatasi." Shangazi, utakuja kuniposea?

Mwanao,
Fridolin


Uchindile
10 Julai 2025

Mwanangu Fridolin,

Marahaba mara tatu, na moja ya akiba. Barua yako nimeisomea watu wa jumuiya yote, isipokuwa pale panaponihusu. Jogoo amewika alfajiri kwa mara ya kwanza, nadhani naye amepata habari.

Shilingi 4,300 zimo humu ndani zimekunjwa. Lile gunia niliacha kuliandika makusudi, nione litakuchukua muda gani. Limekuchukua miezi minne. Si vibaya. Marehemu mjomba wako la kwake hakuliona mpaka mwisho, nami sikumwonyesha.

Ubao wa bluu sitauandikia kitu. Kuna mizigo inabebwa bure na ni halali. Ila uwe mmoja, nawe ujue kwamba unaubeba.

Nitakuja. Lakini umesema nimekufundisha, basi pokea gharama za mshenga wako, usiruke mstari. Tiketi ya treni kwenda na kurudi, kwa bei ya kwenye tiketi. Vitenge viwili, kimoja cha kuvaa kwa Masanja na kingine cha kuvaa nikirudi, watu wajue nilikuwa mahali. Chakula cha njiani, maandazi sita, Brigitha ameshanikadiria. Mtu wa kumlisha jogoo siku tano. Uchakavu wa magoti, mawili, kwa mwendo wa kutoka barabarani mpaka zizini, isipokuwa kama utanishusha mlangoni. Posho ya mjumbe, maana mjumbe naye ni mtu, usimsahau kama ulivyomsahau dereva.

Pale kwenye mstari wa kurudi tupu, usiandike chochote. Nimekaa muda na kalamu mkononi nikiufikiria, nikaupiga mstari. Alhamisi tarehe 24 nitakuwa stesheni ya Mlimba na begi langu. Njoo unichukue, unipitishe kwenye zile kilomita zako thelathini na nane, na mita yako nitaisoma mwenyewe. Mimi tupu sirudi.

Shangazi yako,
Odilia